Mwaka Tuliopindua Chapati

Tulimzika Mama Sulle mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, na mvua ikanyesha ile ya Karatu isiyo na adabu, inayoanza padri anapofungua kitabu na kukatika watu wakishaloa. Msiba wenyewe sitausimulia. Misiba yote ina turubai, masufuria na mjomba mmoja anayegombana na mshereheshaji. Ninachotaka kusimulia ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye benchi na sahani yangu ya makande mapajani, nimeshalia vya kutosha, akaja mtu mrefu aliyevaa koti la mvua la kijani juu ya shuka, ndevu zimeanza mvi. Akasimama mbele yangu. Hakusema pole wala Bwana ametoa. Alisema, "DJ, weka maneno." Nilicheka mpaka makande yakanipalia, na wale kina mama wa jumuiya wakanitazama kama vile nimevua nguo. Wanitazame tu. Huyo alikuwa Lemayan, Mmaasai wa Olbalbal, nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na sita, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kukasirishwa na kicheko changu alikuwa ndani ya jeneza, naye najua angecheka kunizidi.

Ya kwetu, nani alinizaa na nani alinilea, hayahusiki hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hata mbuzi angeona aibu kuyatafuna. Masomo yote niliangukia pua isipokuwa Kiingereza. Nilikuwa nakanda unga kwa Mama Sulle, mjane wa Kiiraqw mwenye mikono kama ya fundi seremala, ambaye chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa mgahawa wa chapati na chai, na chumba cha nyuma kilikuwa cha gemu. Watu walimshangaa, mama mtu mzima anafuga mashine za gemu. Yeye alisema vijana wakikaa kwake anawaona, wakikaa kwingine hawaoni. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja la nyavu, mabenchi mawili yaliyotolewa kanisani, televisheni yenye kisogo kirefu na mashine moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi. Harufu ya mafuta ya chapati ilishika hata kwenye pedi za kuchezea, zikawa zinateleza. Kuanzia saa tisa alasiri chumba kilijaa: madereva wanaosubiri wageni, vijana wa sokoni, na Lemayan, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye loji moja njia ya kwenda geti la hifadhi, na mchana badala ya kulala anakuja kucheza mpira wa kwenye skrini. Alikuwa ananizidi miaka minne hivi. Kiswahili chake alikiokota mjini, na alikitumia kama mtu anayevuka mto, anapima jiwe kabla ya kukanyaga.

Ile sidii ililetwa na gaidi. Nawaambia mapema, msije mkashtuka kama alivyoshtuka mwingine: Karatu mtu anayeongoza watalii tunamwita gaidi, hatuoni ajabu yoyote, na watoto wetu wakiulizwa shuleni wanataka kuwa nani wanajibu magaidi. Huyu gaidi aliikuta kwenye gari baada ya wageni wake kuondoka, akaitupa mezani kwetu akisema ni gemu ya vita. Haikuwa ya vita, au tuseme vita ilichelewa sana. Ilikuwa hadithi. Ilikuwa ni habari ya kweli ya zamani, ya kisiwa cha Haiti, jinsi watumwa waliolimishwa miwa na kahawa walivyoamka wakawaangusha mabwana zao. Msichana mmoja anaitwa Maria anachuma kahawa mlimani, na wewe mwenye pedi ndiye unayeamua Maria anamjibu nini huyu, anamficha nani, anakwenda wapi. Maneno yalikuwa mengi kuliko mapanga. Vijana walibonyeza kile kitufe cha kuruka maneno mpaka kikaanza kulegea.

Lemayan ndiye aliyewazuia. Aliuliza hawa watu wanasema nini. Wakamwambia potezea, vita iko mbele. Akakataa kutoa pedi. Kwao mtu akifika kutoka mbali hamuanzi jambo lolote mpaka mmekula habari: anakaa, anatoa habari zake tangu alikotoka, njia nzima, ng'ombe, mvua, wagonjwa, hakatizwi, naye akimaliza ndipo anapokea zako. Kumkata mtu katikati ya habari ni kama kumnyang'anya bakuli mdomoni. Akasema huyu msichana ametoka mbali, ameanza kutoa habari, na sisi tunamrukaruka. Kisha akageuka mlangoni nilipokuwa nimesimama na unga mpaka viwikoni, akauliza kama mimi si ndiye mwenye Kiingereza. Siku hizo kila kibanda cha video kilikuwa na filamu zilizotafsiriwa, mtu mmoja anaongea juu ya sauti za Wazungu wote, wanaume, wanawake na mbwa, na mtu huyo tulimwita DJ. Basi nami nikawa DJ. Nilisimama pembeni ya televisheni, nikamtafsiri Maria, nikamtafsiri bwana shamba, nikamtafsiri mpaka kasuku.

Neno la kwanza lililowagusa lilikuwa nyapara. Yule msimamizi mwenye kiboko, nilipomwita nyapara, chumba kizima kiliguna, kwa sababu nusu yao mama zao wamechuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya hapa kwetu na neno hilo walilinyonya na maziwa. Mama Sulle aliacha chapati zake akaja kusimama nyuma yangu. Alichuma kahawa tangu usichana, na alipomwona Maria anavuta tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, alikereka kabisa. Alisema huyo mtoto hajafundishwa, nyapara angemrudisha mstarini mara tatu. Nikamwambia mama, waliotengeneza gemu hawajui kahawa. Akasema wangekuja kuuliza. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila saa tisa na kigoda chake, na chapati nyingi ziliungua mwaka ule.

Kosa langu likaja siku ya nne. Watumwa walikutana msituni mvua ikinyesha, wakaapa, na mimi kwa sauti kubwa nikatangaza kwamba sasa mapinduzi yameanza, hawa ndio wanamapinduzi. Nilitegemea kelele. Chumba kikapoa. Lemayan akamwondoa Maria pale taratibu, akamficha kwenye boma la mbuzi. Siku mbili nzima alimkimbiza Maria kila wanamapinduzi walipotokea. Wakimwita anajificha, wakimpa mwenge anautupa. Nikamuuliza ana kichaa gani. Akanijibu kwa utulivu kwamba yeye hachezi upande wa ofisi. Ofisi gani? Akashangaa kwamba sijui. Mapinduzi si ya serikali? Si ndiyo ile sikukuu ya mwezi wa kwanza, bendera na hotuba, si ndiyo majina ya mitaa na ya shule? Na wengine wakaitikia, kumbe wote walielewa hivyo, kwamba watu wa ofisi wameingia msituni na sasa Maria ataitwa kwenye mkutano. Hapo nilicheka, lakini baadaye nililifikiria. Neno lilikuwa sahihi kwenye kamusi, ila lilishaajiriwa. Uasi nao sikuutaka, maana kwetu muasi ni mtu aliyeacha kanisa. Mama Sulle ndiye aliyetuokoa, kutoka kwenye kigoda chake. Alisema kupindua ni kazi yake ya kila siku. Chapati ikikaa upande mmoja muda mrefu, chini inaungua na juu inabaki mbichi, na haitajigeuza yenyewe hata ukiiombea. Lazima mkono uingie kwenye moto. Lemayan alilitafuna hilo kidogo, akamtoa Maria kwenye boma la mbuzi, akamrudisha msituni kuchukua mwenge.

Basi ikawa ndiyo lugha yetu. Barabarani vijana wanaulizana, leo mnapindua? Saa tisa kwa Mama Sulle, tunapindua. Dereva mmoja akipita anapaza sauti, mpindue bila mimi? Hatukuwa na habari kabisa, jamani. Tulikuwa tunazungumzia chapati na msichana wa Haiti, na tulikuwa tunapiga kelele mjini kwamba tunapindua. Kuna mtu alipeleka maneno. Nilimjua baadaye, simtaji, naye alikuwepo msibani akila vizuri.

Mgambo walikuja wiki ya mwisho ya mwezi wa tano, mchana kweupe, wakabeba mashine pamoja na kitambaa chake cha kudarizi, wakatubeba na sisi watatu: mimi, Lemayan na Mama Sulle mwenye nyumba. Ofisi siitaji. Mkubwa wake alikuwa mgeni, kahamishiwa kwetu mwezi uleule kutoka mbali, bado anavaa sweta mbili. Alituketisha mbele ya meza, karani wake, mama mmoja wa hapahapa Karatu, akiwa pembeni na daftari. Tukamwamkia. Akaanza na mimi: sidii hii imeletwa na nani? Nikasema imeletwa na gaidi. Kalamu yake ikasimama. Akauliza kama namfahamu huyo gaidi. Nikasema ndiyo, ni jirani yetu. Yuko peke yake? "Wako wengi, mzee," nikamjibu, na naapa sikuwa namchezea. "Karatu imejaa. Kila asubuhi wanapita hapa mbele na magari kwenda krateri." Karani alijikaza, akajikaza, kisha kikamtoka kicheko puani. Alipoweza kuongea alimweleza bosi wake gaidi wa hapa ni mtu gani. Wakati ule nilidhani kama angeeleza bila kucheka, tungerudi nyumbani jioni ileile na mashine yetu. Lakini mtu mkubwa amechekwa mbele ya wauza chapati, atauweka wapi uso wake? Alikunja uso, akasema hebu iwashwe hiyo kitu aone, na wewe binti utafsiri neno kwa neno.

Wakaifunga kwenye televisheni ya ofisi. Karani aliinama kunipa waya, akaninong'oneza kwamba niseme ni katuni, niseme wanaimba kwaya, huyu hajui Kiingereza kile cha haraka. Nilijua alinitakia mema. Na ingewezekana, hilo ndilo linalonitetemesha mpaka leo. Ningeweza kusema chochote. Hadithi ilikuwa imesimama tulipoiacha jana yake: Maria kaletwa mbele ya bwana shamba, mabanda ya kuanikia kahawa yameteketea. Lemayan akashika pedi. Bwana shamba akasema maneno yake na mimi nikayaweka kama yalivyo. Amtaje aliyewasha moto, arudi kuchuma kahawa salama, hakuna atakayemgusa. Chini ya skrini yakatokea maneno mawili, nikayasoma: taja, nyamaza. Na ule mstari mwekundu wa muda wa kujibu, unaopungua kama utambi. Mkubwa alisogea mbele na sweta zake, akasahau kwamba ni ushahidi, akasema ataje, ataje, si ameambiwa ataachiwa? Lemayan aliondoa vidole vyote kwenye pedi, akaiweka mezani kama anavyoweka mtu kikombe alichomaliza. Mstari ukaisha. Maria akanyamaza. Wakamchapa, nami nikatafsiri hata kilio, na karani akawa anatazama dirishani.

Mkubwa akazima. Akatoa karatasi, nikaona ilikuwa imeandikwa tangu asubuhi, kabla hajatuona. Ilisema kijana Lemayan, mfugaji kutoka Olbalbal, ndiye aliyeingiza sidii hiyo na kuwahamasisha vijana kupindua. Nikamwambia mzee, sidii ililetwa na yule muongoza watalii. Alisema hilo litarekebishwa baadaye. Halikuwa la kurekebishwa, nililiona wazi hata na umri wangu: muongoza watalii ana kampuni na kampuni ina simu, Lemayan alikuwa na rungu na shuka. Niweke sahihi kama shahidi. Nikiweka, Lemayan anapelekwa polisi, mimi narudi kwenye unga wangu na mashine ya mama inarudi chumbani kwake leo hii. Nisipoweka, mashine inabaki, chumba kinafungwa, na mimi nitaona cha moto. Nilimtazama Lemayan. Hakunitazama, hakutaka kunisukuma hata kwa macho. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwogopa zaidi Mama Sulle, kwa sababu ile mashine ndiyo iliyokuwa inajaza mgahawa wake, na mimi nilikuwa nakula kwake. Nikamgeukia. Alikuwa ameweka mikono yake mikubwa juu ya meza ya watu kama yuko jikoni. "Mashine ni yangu," alisema. "Usinikombolee kwa jina la mtoto wa watu."

Nikairudisha kalamu. Nilisema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba mimi kazi yangu ni kuweka maneno kama yalivyo, na maneno haya hayakusemwa na mtu yeyote. Mkubwa alifoka. Aliniuliza najiona nani, nimefeli shule nauza chapati. Nikamwambia ndiyo, nimefeli, lakini kusoma najua, na nimesoma. Tulikaa pale mpaka jua likaingia upande wa pili wa chumba. Akaenda chai, akarudi, akafoka upya, na karatasi ikabaki nyeupe pale chini. Shahidi mwingine wa kuweka jina lake hakuwa naye. Mwisho alituambia tutoke mbele ya macho yake, na hakusema tena neno kupindua, nafikiri alishaanza kulisikia vibaya.

Msinipigie makofi. Mashine haikurudi. Mama Sulle aliifuata mara tatu, mara ya kwanza ilikuwa juu ya kabati, mara ya pili kilibaki kitambaa tu, mara ya tatu wakamuuliza mashine gani. Chumba cha nyuma kikawa cha kuwekea kuni. Loji nayo ikamfukuza Lemayan wiki ileile, kwamba mlinzi aliyepelekwa ofisini si mlinzi. Alipita asubuhi kuaga, akamsalimia mama kwa Kimaa, "Takwenya, yeyo," naye akamfungia chapati sita kwenye gazeti. Mimi aliniambia jambo moja tu: nikijua Maria aliishia wapi, nimpelekee habari. Kisha akashuka Olbalbal kuchunga ng'ombe wa baba yake, baadaye nikasikia wamehamia Piyaya, namba ya simu niliyopewa ikawa ya mtu mwingine. Na mimi nikaondoka, nikasomea ukalimani kwa njia ndefu ambazo nitazieleza mahali pake. Siku hizi naitwa mikutanoni, wakubwa upande huu na wafugaji upande ule, nimekaa katikati. Kila mara kuna anayenishika kiwiko kabla ya kikao akiniomba nilainishe kidogo. Mimi si siagi. Nawaambia mtu wangu wa kwanza kumtafsiri alichapwa viboko na sikumpunguzia hata kimoja.

Sasa pale msibani Lemayan alikaa kando yangu kwenye benchi, mvua imebaki matone ya kwenye turubai. Tulikula habari kama inavyotakiwa. Alinipa za Piyaya, za ukame, za ng'ombe waliobaki, za watoto wake watano na yule wa pili anayemzidi yeye kusoma. Sikumkatiza. Alipomaliza aliuliza kama nina habari ya Maria, akaiuliza kama mtu anayemuulizia shangazi. Nikamwambia gemu sikuipata tena, lakini habari yenyewe ni ya kweli na niliisoma vitabuni. Nikampa yote. Vita ya miaka mingi, majeshi yaliyoletwa kwa meli na kuzikwa palepale, homa, usaliti, waliotajwa na walionyamaza. Nikamwambia walishinda, watumwa waliwaangusha mabwana na kisiwa kikawa chao, na kwamba baadaye dunia iliwatesa sana kwa sababu ya huko kushinda, hilo nalo sikulificha. Alisikiliza mpaka mwisho, ametazama kaburi bichi la Mama Sulle, mikono juu ya fimbo. Nilidhani atashangaa.

"Nilijua," alisema. "Wangekuwa wameshindwa, ofisi isingetunyang'anya mashine."